Ubeti Tulioumeza

Mchana wa Chanjani ulikuwa na sauti yake. Usipa, dagaa wa ziwa letu, ukishakauka upande mmoja, akina mama walipitisha mikono juu ya chanja kuugeuza, na kule kugeuza kulitoa mlio mkavu, mwepesi, kama mvua inayotaka kuanza kwenye bati halafu ikaghairi. Mimi nilizaliwa ndani ya mlio huo. Mtaa wetu ulikaa kati ya barabara ya bandarini na mchanga wa ziwa, hapo Mbamba Bay, nyumba za tofali na za udongo zimebanana mpaka ukikohoa jirani anakuambia pole. Mbele ya nyumba, kuelekea majini, zilipangana chanja zenyewe: nguzo za miti, fito juu yake, na nyavu kuukuu zilizotandazwa kulaza dagaa hao wadogo wa Nyasa. Wanaume wengi walikuwa vibarua wa kupakia na kushusha mizigo, au wavuvi wa mitumbwi ya watu wengine. Akina mama walianika. Usipa wa Chanjani ulipanda na magari mpaka Mbinga kwa wakulima wa kahawa, na mama yangu alipenda kusema kwamba watu wa milimani wana mifupa migumu kwa sababu yetu.

Sitasema tulikuwa tunajivunia. Tulikuwa tunanuka, na tulijua. Shule ya msingi nilikaa karibu na dirisha kwa sababu wenzangu walinisogeza huko kidogo kidogo, bila ugomvi. Nikiingia darasani kuna mvulana alikuwa anasema polepole, "Chanja imefika," na watu wanacheka na daftari usoni. Nilioga kwa sabuni ya mche, nikajisugua majani ya mlimao, sare yangu niliianika mbali, kwenye ua wa kanisa. Haikusaidia. Mimi si msemaji, hata leo mwalimu akiniuliza swali ninalolijua jibu linakwama kooni, kwa hiyo sikuwahi kumjibu yule mvulana. Nilidhani kunuka ndiyo aibu kubwa inayoweza kumpata mtu.

Siku moja tu katika wiki hatukuwa na aibu. Jumapili baada ya ibada, jua likishapoa, akina mama wa Chanjani walicheza kioda. Walivaa magauni meupe yaliyopigwa pasi ya mkaa, soksi nyeupe, viatu vimepakwa rangi, wakajipanga mistari kama askari, na ngoma ikaanza. Mama yangu alikuwa malkia wa ngoma hiyo, maana yake yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kushika firimbi. Mama Eda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa nesi: alipita katikati ya mistari na kitambaa cheupe akiwafuta jasho wachezaji, na asiyecheza vizuri alifutwa kwa nguvu mpaka watoto tukaanguka kwa kicheko. Lakini watu wazima hawakuja kwa ajili ya vicheko. Walisubiri ubeti wa mwisho. Beti za mwanzo zilikuwa za salamu na sifa, ila ule wa mwisho ulikuwa wa kero. Ndani yake aliimbwa mume anayenywea pombe pesa ya chakula cha watoto, mwenye mtumbwi anayewapunja vibarua, bomba la maji lililokufa na kuachwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anakuja kusimama pembeni mpaka ubeti huo uishe. Aliposikia habari ya bomba aliondoka na mikono mgongoni, na fundi alionekana wiki hiyohiyo. Kwetu hakuna aliyepeleka malalamiko ofisini. Yaliimbwa, na mwenye masikio alijua la kufanya.

Nilipokuwa darasa la saba, tulirudi kutoka shule tukakuta alama za X za rangi nyekundu kwenye kuta. Bandari ingepanuliwa. Wenye nyumba walilipwa fidia, wakapewa viwanja kule juu kilimani, na sitaki kudanganya, viwanja vilikuwa vizuri. Ila chanja hazikuandikwa. Ofisa aliyepita kuthamini alisema miti na nyavu si jengo. Akina mama walimweleza kwamba usipa haupandi kilima ukiwa mbichi, unatakiwa ulale kwenye chanja asubuhi ileile, palepale penye upepo wa ziwa. Walichoomba kilikuwa kidogo: mchanga wa ng'ambo ya kijito, nje kabisa ya eneo la mradi, wasimike chanja upya. Ofisa akasema hilo si lake. Kisha katapila likaja. Mtaa wangu wote uliisha kabla watu hawajala cha mchana, na kilichonishangaza ni jinsi ulivyokuwa mdogo ulipolala chini.

Tulikuwa tumeshahamia kilimani mwenyekiti alipokuja kusema kwamba kutakuwa na sherehe ya kuweka jiwe la msingi palepale mtaa wetu ulipokuwa, mgeni mkubwa anakuja, na wanaombwa akina mama wa kioda.

"Tutacheza wapi?" Mama Eda aliuliza. "Jikoni kwangu au chooni kwa Malkia? Maana uwanja wenyewe ndio huohuo."

Watu walicheka, hata mwenyekiti alicheka. Wakakubali, kwa sababu waliona hiyo ndiyo nafasi yao. Mama alitunga wimbo wa kumkaribisha mgeni, na ubeti wa mwisho ukawa huu: Nyumba umeomba, baba, tumekupa, tuachie mchanga wa kulaza usipa. Waliufanyia mazoezi kwenye kiwanja chetu na mimi nikaushika wote. Jioni mwenyekiti akarudi. Nilikuwa nimekaa mlangoni napukuchua mahindi, hakuna aliyejali kwamba nasikia.

"Malkia, wimbo ni mzuri," alisema. "Ila ule ubeti wa mwisho uache."

"Kioda bila ubeti wa mwisho ni kitu gani, mwenyekiti?"

"Ni heshima. Jambo lenu nimeshalifikisha, wanalijua. Sasa mkimwimbia mgeni mbele ya umati, mtawaaibisha wakubwa wa hapa, na mtu aliyeaibishwa hakusaidii. Mpokeeni kwanza. Mgeni anadaiwa siku ya sherehe yake?"

"Akacheze yeye basi," Mama Eda akawanong'oneza wenzake, si kwa sauti ya chini sana.

Naelewa kilichomshinda mama. Kwetu mgeni akifika unampa maji, unamwuliza habari za safari, shida yako unaificha mpaka ameshiba. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea. Akasema, "Haya. Tutauacha." Na kwa kuwa malkia amesema, wengine wakaitikia.

Siku yenyewe wanafunzi tulipangwa mstari na vibendera. Akina mama walipewa fulana za sherehe wavae juu ya magauni yao meupe. Walicheza vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuwaona. Mgeni mwenyewe alinyanyuka akaja kusimama katikati ya mistari, na Mama Eda akamfuta paji la uso, umati ukashangilia. Beti za salamu zikaisha, za sifa zikaisha. Watu wa Chanjani waliokuwa nyuma yetu wakanyamaza kusikiliza. Mama akapuliza firimbi ndefu, ile ya kumaliza.

"Mbona wameishia njiani?" mzee mmoja aliuliza nyuma yangu.

Mgeni akashika kipaza sauti. Alisema amezunguka sehemu nyingi, na kila anakofika anakuta mabango na manung'uniko. Lakini hapa amepokelewa kwa ngoma. "Nimesikiliza nyimbo zenu neno kwa neno," alisema, "sijasikia kero hata moja. Mmetoa maeneo yenu kwa moyo mweupe. Wengine waje wajifunze kwenu." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti naye alipiga, akitazama viatu vyake. Mimi nilimtafuta mama. Alikuwa bado ana firimbi mdomoni, haipulizi, haitoi. Uso wangu uliwaka kuliko siku zote za kuitwa chanja. Kumbe kunuka kulikuwa jambo dogo. Sikujua mtu anaweza kusifiwa mbele ya watu akatamani ardhi impokee.

Baadaye mama alikwenda ofisini, akarudi, akaenda tena. Jibu lilikuwa la upole: mbona siku ile mgeni yupo hamkusema? Mwaka haujaisha uzio wa bandari ukapita mpaka ng'ambo ya kijito. Akina mama hawakumlaumu. Waliendelea kumwita Malkia na kumsalimia vizuri, na nadhani angepata nafuu kama hata mmoja angemtukana. Kioda hakikuchezwa tena. Mmoja anauza maandazi, mwingine amerudi kwao Tingi kulima, Mama Eda anauza mitumba na bado anatania, ila hamtanii mama.

Sasa nasoma kidato cha tatu Mbinga, nakaa bweni. Sinuki. Nyumba yetu ya kilimani ina sakafu ya saruji na umeme, choo kina mlango. Sijui kama ningekubali kurudi kulala kule kwenye nyumba ya udongo, na hilo nalo linanitia aibu. Wenzangu wakiniuliza natoka wapi nasema Mbamba Bay, wanatosheka, kwa sababu mtaa wa kutaja haupo.

Likizo iliyopita usipa ulijaa ziwani, bei ikaanguka, na mama akashindwa kujizuia akanunua ndoo. Tulipandisha kilima tukipokezana, tukautandaza uani juu ya turubai. Ukungu haukuondoka siku nzima, na upepo wa ziwa haufiki huko. Kesho yake ulikuwa umelainika, umeanza kuoza. Mama akachukua jembe, akachimba mashimo katikati ya mihogo, akaanza kuufukia. Mke mdogo wa jirani, mgeni hapa, akachungulia juu ya ua akauliza kama hiyo ni mbolea. Mama akasema, "Samahani kwa harufu, mwanangu. Ee, ni mbolea."

Jirani aliporudi kwenye shughuli zake nilimwuliza mama kama anaukumbuka ule ubeti wa mwisho. Akauliza upi. Kuuelezea sikuweza, kwa hiyo mimi, ambaye darasani jibu hukwama kooni, nikaanza kuuimba: Nyumba umeomba, baba, tumekupa. Jembe lake halikusimama. Aliendelea kuvuta udongo juu ya samaki mpaka nikafika kwenye mchanga wa kulaza usipa.

"Punguza sauti," alisema. "Jirani atasikia."

Nikapunguza. Halafu nikanyamaza, nikachukua ndoo nikamwaga usipa kwenye shimo lililofuata.