Nani Ametoa Upepo?

Hasira yangu itaniua. Ijumaa ile nikitoka Arua, matope yalinishika karibu na Koboko. Nikapunguza upepo wa tairi za Landrova ili zishike, vifuniko vya valvu nikavitia mfukoni mwa kanzu. Gari likanasuka; sala imekaribia, nikaliendesha mbio hadi msikitini mjini.

Natoka, naona tairi zote zimelegea! Nikamkaba shingoni Juma, fundi wa tairi wa ng'ambo ya barabara.

"Mwizi! Umetoa upepo, na vifuniko umeiba!"

"Mzee, mimi hapana gusa gari yako."

"Nyamaza, mshenzi!"

Watu wakajaa. Jasho likanitiririka, nikachomoa kitambaa mfukoni nijifute. Vifuniko vikaanguka, vikabingirika mpaka miguuni kwa imamu.

Juma akaniletea pampu.

"Mzee, pampu iko hapa. Piga wewe."