Mama Malengo na Basi Lililokuwa Likingoja Kwenye Kona

Saa moja na nusu asubuhi basi la kwenda hospitali linatoka stendi, kama ubao unavyosema. Mwanamke aliyevaa raba nyeupe zilizokwisha kugeuka rangi ya vumbi hapandi. Amemshika mkono mama mmoja mwenye fimbo, amempandisha, amemkalisha kiti cha dirishani nyuma ya dereva, kisha ameshuka. Sasa analifuata basi kwa miguu.

Hana haraka. Anawapita wauza maji, anakipita kibanda cha vocha, anaelekea kona ya duka la mabati iliyo mbele kidogo ya geti. Akishaikata kona hiyo, atajua.

"Nikilikuta limesimama pale, nimekwisha," anasema, kisha anajicheka. "Mimi wapi. Mama mkubwa mle ndani ya basi ndiye amekwisha. Mimi nitarudi zangu ofisini ninywe chai."

Mwanamke huyu ni mpanga usafiri wa mkoa. Stendi nzima wanamwita Mama Malengo. Ana miaka arobaini na miwili, watoto wawili, mume fundi wa majokofu, na kazi ambayo hata majirani zake hawajaielewa vizuri. Mmoja alidhani anapanga mizigo kwenye malori.

Kazi yenyewe ni hii: anakaa meza moja na madiwani, wahandisi wa barabara na wenye mabasi, wanakubaliana mkoa ufike wapi ndani ya miaka minne. Barabara zipi ziwe zinapitika hata mvua ikinyesha, mabasi yaende vijiji gani, abiria asingoje kupita muda gani. Baada ya hapo anapima, mwaka hadi mwaka, kama waliyoyaahidi yanatimia. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, unatosha kodi, ada na nauli. "Jino likiuma, linasubiri mwisho wa mwezi kama watu wengine."

Jina la Mama Malengo alipewa na makondakta kwa sababu ya maswali yake. Hapiti mtu bila kumuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi na kwa nini hakwenda jana. "Huyu ukila ndizi mbele yake atakuuliza lengo lako nini," anasema kondakta mmoja, na wenzake wanaangua kicheko.

Lakini kuna swali moja ambalo kwa muda mrefu hakuliuliza, na lilikuwa nyumbani kwake.

Mama mwenye fimbo ni dada mkubwa wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mguu. Daktari alimpa matumaini: akihudhuria mazoezi ya hospitali kila wiki, bila kukosa, ataweza kuitupa fimbo. Akikosa, mguu utakakamaa hivyo hivyo. Chumba cha mazoezi ni kidogo, kinafunguliwa saa mbili na nusu, na mtaalamu yuko mmoja. Atakayechelewa zamu yake anarudi nyumbani hadi wiki nyingine.

Kwa Mama Malengo hilo halikuwa tatizo. Usafiri si ndiyo kazi yake?

Miaka mitatu iliyopita, mabasi ya mkoa yalikuwa yakiondoka yakishajaa. Mtu aliweza kukaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jua la utosi, dereva akimwambia bado kidogo. Ndipo yeye mwenyewe akaandika lengo: kati ya mabasi kumi, tisa yatoke stendi kwa saa iliyoandikwa ubaoni. Mlinzi wa geti alipewa kazi ya kuandika saa ya kila basi linapopita.

"Nililipenda lengo lile kama mwanangu wa tatu," anasema.

Nalo lilikua kama mtoto anayekula vizuri. Kutoka asilimia arobaini, mkoa ulipanda hadi tisini na moja. Wageni wakaja kujifunza. Wizarani wakatoa cheti, yeye akakabidhiwa akiwa amevaa viatu vilivyombana, na mama mkubwa akaagiza kitundikwe juu ya televisheni ili kila anayeingia akione kabla hajasalimia.

Kisha siku moja sokoni, akiwa kwenye foleni ya nyanya, alikutana na mtaalamu wa mazoezi. Yule bwana akamuuliza kwa upole kama mama mkubwa amehama mji. Alikuwa hajamwona miezi miwili.

Mama Malengo alirudi nyumbani na nyanya zake. Kila wiki alikuwa akimwona mama huyo akijiandaa, akivaa viatu vya kutokea, akiaga. Alikuwa akienda wapi?

Alikuwa akienda nyuma ya stendi, kwa rafiki yake mshona nguo. Anakaa hapo hadi saa sita, wanazungumza ya dunia, anarudi nyumbani na kusema mguu unaendelea vizuri. Kwa wiki kadhaa alikuwa amejaribu basi, na kila mara akafika hospitali zamu yake imekwisha kupita. Mwisho akachoka.

"Mama mkubwa, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje mwanangu, na cheti umekitundika pale juu?"

Mama Malengo anasema alilia kidogo, kisha udadisi ukamshinda kilio. Mabasi yanatoka kwa wakati. Barabara ya hospitali haizidi dakika arobaini. Mtu anachelewaje? Asubuhi iliyofuata alilisubiri basi la saa moja na nusu, akaliona likitoka getini kwa wakati, akalifuata.

Alilikuta kwenye kona ya duka la mabati, limezimwa injini. Kondakta anaita watu. Abiria wanakuja taratibu, wala hawapitii stendi, wanakuja moja kwa moja pale konani kama watu wanaojua. Muuza maji ameshapanga vigoda vya kukalia. Mji mzima ulikuwa unajua, isipokuwa ofisi.

Akapanda, akamuuliza dereva kwa nini hajaondoka.

"Nimeondoka, mama. Muulize mlinzi wa geti, ameniandika."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Wewe ulisema tuondoke," dereva akamjibu, bila ubaya wowote. "Hukusema twende."

Basi lilikaa pale karibu saa nzima.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuweka askari kwenye kona. La pili lilikuwa kwamba wakiwekewa askari kona hiyo, watangojea kona inayofuata, naye atazunguka mji mzima akipanda askari kama mahindi. Kwa hiyo akafanya anachokiweza. Akauliza. Kwa wiki mbili alikaa kwenye viti vya mabasi hayo akiongea na kila mtu, na alichokikuta kilimrudisha kwenye meza yake mwenyewe. Ofisi ilikuwa imepanga mabasi mengi mno ya asubuhi, yakifuatana mgongoni, ili mkoa uonekane una safari nyingi. Hakuna hata moja lililoweza kujaa kwa muda huo, na basi tupu halirudishi hata pesa ya mafuta. Madereva walikuwa wamejitafutia njia ya kuipa ofisi inachokitaka na kubaki na wanachokihitaji.

"Sikuwa na wa kumkasirikia," anasema. "Hata mimi ningesimama pale konani."

Alimpelekea mkuu wake wa kitengo wazo jipya: basi lipimwe linapofika, mlangoni pa hospitali, na si linapotoka. Mkuu huyo ni mtu mwema, ila takwimu zikishuka na presha yake inapanda. Akapiga hesabu haraka kwa saa za kufika ambazo Mama Malengo aliziandika wiki zile mbili. Kwa kipimo hicho, njia ya hospitali ingeporomoka kutoka tisini na kitu hadi thelathini na nane. Fedha za mwaka ujao hufuata takwimu. Mkataba wa Mama Malengo nao ulikuwa unakaribia kwisha.

"Unataka tujivue nguo wenyewe, hadharani?" akamuuliza.

"Bosi, tuko uchi tayari. Ni sisi tu tuliokuwa hatujaambiwa."

Mkuu akasema haya, na aende akawaambie madiwani mwenyewe, yeye atakaa pembeni yake.

Kikao cha kupanga malengo mapya kilikuwa mwezi uliopita. Mama Malengo alikuwa ameandaa michoro, lakini aliposimama akaiacha mezani. Akawauliza wajumbe swali moja: kuna mtu humu ndani anayepanda basi ili aondoke tu?

Diwani mmoja wa nyuma akaanza kucheka, kisha mwenzake, mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mwenye mabasi mmoja hakucheka. Alisema, na Mama Malengo anakiri alikuwa na haki, kwamba dereva hawezi kubebeshwa lawama za barabara. Pale darajani mashimo yanameza tairi zima. Basi linatambaa kama linaogopa kuamsha mtoto. Macho yote yakamgeukia mhandisi wa barabara, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na malengo yake, kwenye jengo lake, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu zamu za hospitali.

Mhandisi akajikuna kidevu. Akasema, kama lengo ni la wote, na yeye aandikwe.

Hivyo ndivyo yalivyopatikana majaribio ya miezi mitatu, kwa njia moja tu, ya hospitali. Mabasi ya asubuhi yamepunguzwa, wenye mabasi wanapeana zamu ili kila moja lijae stendi kabla ya saa yake. Mashimo ya darajani yamezibwa. Kipimo ni mlango wa hospitali, na ile thelathini na nane imechapishwa ilivyo, ukurasa wa kwanza wa taarifa. Yakishindikana, kikao kitarudi kwenye kipimo cha geti. Na mkataba wake, anavyosema mwenyewe, utaamuliwa na watu wanaosoma ukurasa wa kwanza tu.

Leo ndiyo siku ya kwanza.

Anaikata kona ya duka la mabati. Hakuna basi. Kuna doa kubwa jeusi la oili lililobaki pale mabasi yalipokuwa yakisimama, na muuza maji aliyekalia kigoda chake peke yake.

"Mama Malengo," anamwambia, "umeniulia biashara."

"Hamia stendi, mdogo wangu. Sasa watu watakuwa kule."

"Nimeshapeleka meza tangu jana. Hapa nimekuja kuhakikisha tu kama wewe."

Wanacheka wote wawili. Anarudi stendi, anaagiza chai, hainywi. Anaeleza kwamba akifanikiwa hapa, njia itakayofuata ni ya shule za sekondari, halafu ya sokoni, na kila moja itapimwa mahali watu wanapoteremka. Anaeleza pia habari ya cheti. Alikishusha ukutani kwa aibu, mama mkubwa akamwamuru akirudishe, kwa kuwa rangi ya ukuta chini yake ilikuwa nyingine na nyumba ilionekana imeibiwa. Anazungumza hayo yote jicho likiwa kwenye simu.

Simu inaita chai ikiwa imepoa. Anaiweka kwenye spika.

"Nimefika," inasema sauti ya mama mkubwa, na nyuma yake inasikika milio ya magari na watu wakisalimiana. "Niko hapa nje kwenye baraza. Mlango hawajafungua hata, tuko watu wanne tumekaa. Sasa wewe mwenye malengo, na hili la kungoja mlangoni nalo mnalipimaje?"

Mama Malengo anakisogeza kikombe pembeni. Kisha anavuta kiti karibu na meza.

"Hebu niambie, mama mkubwa," anasema. "Huwa wanafungua saa ngapi kweli?"