Kiweko cha Samaki Kilichojengwa kwa Mawe ya Kuazima

Saa mbili asubuhi, katika sebule ya mfanyabiashara Awadh hapa Garsen, Mwanaarusi anasaga mtama. Hasagi jikoni wala uani. Anasaga sebuleni, pembeni mwa zulia, juu ya jiwe lililopachikwa kwenye kiweko cha mawe kinachofika kiunoni. Juu ya kiweko hicho limekaa sanduku la kioo lenye maji, na ndani ya maji kambare mwenye masharubu anamtazama msagaji bila kupepesa.

"Samaki hii haina haya," anasema Mwanaarusi, mikono ikiendelea na kazi. "Mimi nasaga, yeye naangalia mdomo yangu tu."

Mwanamume anayeng'ata kucha mlangoni ni Athmani, fundi mwashi kutoka Kipini, mtu wa miaka arubaini na kitu. Kila jiwe la Mwanaarusi linapokwenda na kurudi, mabega ya Athmani nayo hupanda na kushuka. Ana sababu zake. Leo mkewe, Salama, anafika kwa mtumbwi kukikagua kiweko hiki kwa macho yake. Akikikuta kimesimama, huenda akarudi nyumbani. Akikikuta na ufa, atageuza mtumbwi palepale, na safari hii hatakuwa amesusa. Atataka talaka.

"Polepole, dada," Athmani anasihi. "Ngoja mke wangu aone kwanza."

"Na akifika takula nini? Mawe?"

Athmani anahamia kucha za mkono wa pili.

Kwao Kipini wanamwita Poromoka. Si jina la kumwonea. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Athmani yeye alianza na ukuta, ufa ukafuata wenyewe. Alijenga ukuta wa ua wa jirani, ukalala. Alijenga kisima, kikajifukia kabla hakijaona maji. Msumari wa mwisho ulikuwa ukuta wa jiko lake mwenyewe, uliojilaza juu ya masufuria ya biriani siku ya harusi ya mdogo wake Salama. Wageni walikula tende na kwenda zao.

"Kokoto mtu haziwezi hata akiwa na njaa," anasema Athmani kwa huzuni. "Walijaribu."

Salama alikunja mkeka wake jioni ileile akarudi kwa wazazi wake. Alimwachia neno moja: siku atakayojenga kitu kikasimama masika mazima, mto ukafurika na kupungua, amwite aje akione.

Kazi ilipatikana kwa Awadh, ambaye amekuja kukaa Garsen kununua pembe na ngozi. Mkewe, Bi Fatma, ni mtu wa Pate, na ukiwa wa bara ulimwingia vibaya. Alizoea kukaa ngazini kwao, kando ya bahari, akitazama samaki wakipita chini ya miguu yake. Basi Awadh akanunua sanduku la kioo kwa muuza halwa wa Lamu, likazibwa kwa lami kila pembe, likajazwa maji ya mto na vidagaa vya kupendeza.

Habari ilizunguka vijiji vya mtoni kwa siku moja. Dhadho, mkulima wa jirani, alikuja kuhakikisha kwa macho.

"Samaki ya kuangalia?" anakumbuka alivyouliza. "Na njaa ikikuja, tashiba macho?"

Kiweko cha kwanza kilikuwa cha mbao. Mchwa wa Garsen walikila kwa heshima zote, wakaanzia ndani ili wasimsumbue mwenye nyumba, mpaka siku Bi Fatma alipoliona sanduku linainama akalidaka kifuani. Alilowa yeye na samaki wake. Awadh akaapa kwamba cha pili kitakuwa cha mawe, akampa Athmani kazi kwa rupia chache na chakula, kwa sababu mwashi mwingine yeyote aliyeijua nchi hii alikataa.

Walikataa kwa kuwa Garsen hakuna mawe. Msomaji wa pwani, aliyezoea kujikwaa kila hatua, aelewe vizuri. Hapa ardhi yote ni udongo alioleta mto. Ukitaka kumtupia mbwa jiwe, utalitafuta mpaka mbwa afe kwa uzee.

Athmani aliagiza mawe kutoka Kipini. Mtumbwi ulifika mfereji wa Belezoni, ukazama na shehena yake yote. Wapiga kasia waliogelea wakatoka salama. Mawe yako hukohuko, na inasemekana mamba wameyapenda sana, huyapanda kuota jua. Kilichofika Garsen ni makanda ya chokaa yaliyokuwa kwenye mtumbwi wa pili.

"Nina chokaa, sina cha kushikanisha," anasema Athmani. "Ni kama mtu aliye na posa, mchumba hana."

Ndipo alipopata wazo lililomponza. Garsen hakuna mawe ya ardhini, lakini nyumba nyingi zina jiwe moja au mawili yaliyotoka mbali. Mwanaarusi alikuwa na jiwe la kusagia aliloachiwa na nyanya yake, lililoshuka mto kutoka Kinakomba na hata huko nako lilifika likiwa geni. Dhadho alikuwa na kinoo cha babake, kikubwa kama mgongo wa kobe. Mzee Jarso, mfugaji wa Kiorma, alikuwa na jiwe la kukalia ambalo dume lake la mizigo hulibeba kila wanapohama, kwa sababu hapendi kukaa chini penye unyevu.

Athmani alipita nyumba kwa nyumba akiomba. Kila mmoja alikataa. Huku mtoni jiwe halitolewi. Jiwe huazimwa, na mwenye kuazima hulirudisha jioni. Athmani, aliyekuwa akimwona Salama kila akifumba macho, akasema maneno ambayo mtu mwenye akili angeyameza.

"Nikawaambia, nipani mawe yenu, na hata yakiwa ukutani mtayatumia kama kawaida," anasimulia. "Nalidhani wataona haya kuingia kwa tajiri."

Mawe wakayatoa, na haya hawakuona hata kidogo. Na si hivyo tu. Kwa kuwa mawe yalikuwa yao, walikuja kuyasimamia. Mwanaarusi, ambaye hufinyanga vyungu, alichungulia msingi akasema udongo ule ni wa juu, hautabeba hata chungu cha maharage. Achimbe mpaka afike udongo mweusi. Athmani aliapa kwamba umetosha. Mwanaarusi akanyoosha mkono adai jiwe lake. Athmani akachimba.

Kiweko kilipofika magotini, Dhadho alikizunguka na kusema kimeinama upande wa mto. Athmani akaapa tena. Dhadho naye akanyoosha mkono. Kikavunjwa, kikaanzwa upya. Kilipofika kiunoni, Mzee Jarso aliketi juu ya jiwe lake, lililotokeza chini kama kidato cha ngazi, akatikisa kichwa.

"Natikisika," alisema. "Ng'ombe yangu nalala vizuri kuliko hii."

Kikavunjwa mara ya pili.

Hatimaye kilisimama, sanduku likawekwa, na Bi Fatma akachukua kigoda akae atazame samaki wake kwa raha. Alifuatwa na Mwanaarusi na kapu la mtama. Akafuata Dhadho na mapanga mawili ya kunoa. Mzee Jarso alikuja baada ya kukamua, akaketi kwenye jiwe lake, akaomba moto wa kiko.

"Nilitaka kiweko cha samaki," analalamika Awadh, mikono kichwani. "Nimejengewa soko ndani ya nyumba! Mteja wa pembe akija, anakuta panga linanolewa, anakimbia."

Alijaribu kuwafukuza. Wakasema vyema, wataondoka na mawe yao. Awadh akatazama sanduku, akamtazama mkewe, akaagiza kahawa ya watu watano.

Mto ulifurika siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Ulianza kwa kulamba mashina ya migomba, kisha ukaingia nyumbani kwa Awadh kwa mlango wa jikoni na kutokea mlango wa mbele, kama mgeni asiye na muda wa kukaa. Awadh alipanda juu ya kitanda na vitabu vyake vya hesabu. Bi Fatma alilikumbatia sanduku. Athmani alijibanza kwenye kiweko. Ukuta wa matope upande wa jikoni ulikuwa tayari unayeyuka, na alijua baada ya hapo mkondo wote utakuja kwake.

Wa kwanza kufika alikuwa Dhadho, maji kiunoni. Shamba lake la mpunga lilikuwa chini ya maji na nyumba yake inaondoka, naye hakugeuka kuitazama. Alikuja moja kwa moja kukumbatia kinoo chake.

"Nyumba tajenga tena kwa matope," anaeleza. "Matope iko. Jiwe haiko."

Mwanaarusi akaingia nyuma yake, kanga kaikaza, akaweka kifua juu ya jiwe la nyanya yake. Kisha akatokea Mzee Jarso, aliyekuwa amekwishaondoka na mifugo kwenda nchi ya juu. Aliwaachia wanawe ng'ombe akarudi kwa ajili ya jiwe la kukalia. Gogo la mkoma lilipoingia kwa mlango wa jikoni likielekea kwenye kiweko, Mzee Jarso alilisukuma ubavuni kwa fimbo yake, akiligombeza kwa Kiorma kama anavyogombeza fahali, likageuka na kutokea upande wa pili.

Waliegemea pale mpaka mkondo ulipochoka. Maji yalipanda hadi mdomo wa sanduku la kioo, na wale samaki wa kupendeza wakaondoka bila kuaga. Yalipopungua, nyumba ilikuwa na kuta mbili badala ya nne. Kiweko kilikuwa mahali pake. Katika sanduku alikuwamo huyu kambare, ambaye hakuna aliyemwalika, na Bi Fatma anampenda kuliko wale wa kwanza kwa kuwa huyu humtazama.

Sasa ni karibu adhuhuri. Kwa kuwa sebule haina ukuta upande wa mto, mtumbwi wa Salama unaonekana tangu unapokunja kona. Athmani anafuta mikono kwenye kikoi, anavaa kofia, anaivua, anaivaa tena.

Salama anashuka, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka. Anamwamkia Awadh na Bi Fatma kwa adabu, kisha anakizunguka kiweko. Anapitisha kidole kwenye kila maungio. Anakipiga teke. Mwisho anakiegemeza bega na kusukuma kwa nguvu zake zote, mpaka kiatu kimoja kinamtoka. Kambare peke yake ndiye anayesogea.

"Kimesimama," anasema, akihema.

Athmani anafumba macho kwa shukrani.

"Na masika yote kilisimama chenyewe?"

Awadh, mtu mwema ingawa hana kuta, anamkonyeza fundi wake aseme ndiyo. Mwanaarusi anaacha kusaga. Athmani anafungua mdomo, na uso wake unaonyesha wazi kwamba uongo umeshafika kwenye ulimi.

"La," anasema. "Kilishikwa. Watu hawa watatu walikishika. Na kabla ya hapo walinambia kimeinama."

"Ukafanyaje?"

"Nikavunja."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Na msingi nalichimba upya."

Salama anaketi kwenye jiwe lililo karibu. Mzee Jarso anakohoa, kwa kuwa ni lake, lakini anamwachia.

"Mimi nalikwambia ule ukuta wa jikoni wainama," Salama anasema. "Nalikwambia na mato yangu yaona. Ukanambia ukuta ni wa mwashi, mke ashughulike na mchuzi."

"Na mchuzi ukazikwa," Athmani anakiri. Dhadho anacheka, kisha anajutia.

"Hawa walisikizwa kwa nini?"

"Mawe yalikuwa yao, Salama."

"Na nyumba ile haikuwa yangu?"

Fundi Athmani anatazama miguu yake. Hapa sebuleni hakuna anayecheka tena. Machozi yanamtoka fundi mbele za watu, naye hayafichi, na Bi Fatma anajifanya kumlisha samaki ambaye ameshashiba.

"Ilikuwa yako," anasema. "Nisamehe."

Salama anavaa kiatu chake. Anatazama kuta mbili zilizobaki, anatazama mahali ambapo jiko la Awadh lilikuwa, kisha anamgeukia mumewe.

"Nitakaa," anasema. "Lakini jiko letu nitajenga mimi. Wewe utashika ukuta."

Awadh amekwishawapa kiwanja nyuma ya ghala la ngozi, na Mwanaarusi ameahidi kuwaazima mafiga mawili, la tatu watafute wenyewe. Athmani anasema mpango wake ni kukaa Garsen hadi Kipini wasahau lile jina lake, na baada ya jiko kuna kuta mbili za Bwana Awadh zinazongoja.

Alasiri, mwandishi wa habari hii alipokuwa akipanda mtumbwi, Salama alikuwa ameinama shimoni akichimba msingi. Athmani alisimama kando ameshika ncha ya uzi. Alipoulizwa kwa sauti kutoka mtoni kama uzi umenyooka, alimgeukia mkewe kwanza.