Rambirambi ya Mtu Aliye Hai

Mimi sikusoma, lakini mwaka mmoja tu baada ya kukimbia mapinduzi ya Unguja, Matrah nzima, huku Omani, ilikuwa ikinijua. Punda wangu ndio waliokuwa wakipeleka samaki, mboga na mayai kwenye nyumba za Wazungu wa kampuni ya mafuta. Redio yangu ilishinda zote mtaani. Majirani walikuja barazani kwangu kusikiliza dunia.

Asubuhi moja redio ikasema jimbo moja la Australia limepiga kura, na serikali iliyotawala miaka mingi imeanguka. Nkashtuka. Jimbo lile nkilijua: mteja wangu, mke wa injinia mmoja, hakuchoka kunambia kuwa babake ni waziri huko.

"Maskini bibi wa watu," nkamwambia mke wangu. "Pika wali nimpelekee."

"Kwani kafiwa?"

"Serikali yao imeanguka, weye! Ya kwetu ilipoanguka tulizika wangapi?"

Mke wangu akaenda kuwasha moto.

Nlimkuta yule bibi peke yake, anamwagilia maua. Mumewe yuko jangwani visimani. Kwetu habari ya msiba haitupwi mlangoni. Nkavua viatu, nkaweka sufuria chini, nkamwomba akae kwanza. Nkamwambia kwa Kiingereza changu cha bandarini kuwa kazi ya Mungu haina makosa, astahamili.

Akanitazama. "Ni baba?"

Nkainamisha kichwa.

Kilio alichokilia, hata leo nkikaa peke yangu nakisikia. Wakaja wanawake wenzake, wakamshika mikono. Nami nimekaa pale sakafuni, mtu mzima wa maana, kila akitulia kidogo namwambia, "Subira, bibi," naye anaanza upya. Mpaka alasiri mumewe akarudi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Nani kasema kafa?" akauliza. "Mzee kashindwa kura tu! Nimesikia redioni, keshampa mkono aliyemshinda, karudi shambani kwake kwenye kondoo."

Wote wakanigeukia mimi. Nkatafuta viatu vyangu, mimi niliyekuwa sishindwi kwa maneno sokoni.

Bibi hakuamini mpaka kesho yake, ilipofika telegramu ya babake mwenyewe. Akaniita. Nlidhani ananifukuza, na ningeshukuru. Macho yake yalikuwa yamevimba bado.

"Kwenu mtu akishindwa," akaniuliza, "huenda wapi?"

"Huku," nkamjibu.

Akanimiminia chai kwa mkono wake, akaniomba radhi, ati yeye ndiye anayeniomba mimi! Nkaiweka chai chini. Kwani kuna jambo hakulijua. Siku ile ya kwanza, njiani na sufuria yangu ya wali, nlikwenda kifua mbele, nasema moyoni: na wao Wazungu leo yamewafika. Nlikuwa nampelekea pole mtoto wa watu, na roho yangu imepoa kama maji ya mtungini.