Makumbi Yasiyokuwa Yetu

Wasomaji wa gazeti hili, mtanisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nilisoma shule ya Chole miaka mitatu tu, na vidole vyangu vimezoea kusokota kamba kuliko kushika kalamu. Mstari mmoja hunichukua muda ambao mwingine angemaliza ukurasa. Lakini kusema mbele za watu siwezi kabisa, ndiyo maana naandika.

Nataka kueleza jinsi mimi na mama yangu tulivyokuwa tukipata riziki hapa kisiwani Juani, ilivyokuwa ikitutosha, na kwa nini sasa haitutoshi.

Baba alikufa kwa ndui nilipokuwa mdogo. Alituachia nyumba ya udongo na makuti, na kipande cha mihogo nyuma yake. Chakula cha siku zote hatukununua. Mihogo tulichimba, pweza na chaza mama aliokota maji yakitoka. Fedha ilikuwa ya chumvi, ya mafuta ya taa, ya kaniki moja kwa mwaka, na ya kodi. Kodi ya nyumba, ile ya serikali, ilikuwa rupia tatu, yaani hela mia tatu, na haikuuliza kama ndani ya nyumba wamo watu kumi au wawili.

Fedha yetu ilitoka matopeni. Wanawake wa hapa huchukua makumbi ya nazi kutoka mashamba ya Waarabu, huyafukia katika mashimo pwani, karibu na mikoko, na kuyaacha miezi mingi mpaka yaoze na kulainika. Kisha bamvua likija na maji yakikauka sana huyafukua, huyaponda juu ya gogo, huosha nyuzi na kusokota kamba. Makumbi matano hutoa kamba moja ya pima ishirini, na duka la Mhindi kule Chole, kisiwa cha jirani, lilinunua kamba kwa hela nne. Lakini makumbi yalikuwa ya mwenye shamba, kwa hiyo nusu ya kamba ilikuwa yake. Msimamizi wake alisimama kwenye mlango wa shamba akahesabu kila kumbi lililotoka. Mwaka ninaousimulia alituhesabia mia nne.

Nilipiga hesabu hiyo ubaoni nikiwa shule badala ya hesabu ya mwalimu. Makumbi mia nne ni kamba themanini. Nusu ni arobaini. Arobaini kwa hela nne ni mia na sitini. Mikeka ya mama ilikuwa imeleta rupia moja, nayo tulikuwa tumeifunga katika pembe ya kanga. Jumla hela mia mbili na sitini. Zilipungua arobaini.

Hela arobaini ni kitu kidogo kwa mtu mwenye duka. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba mimi nitachukuliwa. Nyumba iliyoshindwa kulipa ilitoa mtu wa kwenda kufanya kazi mpaka kodi iishe, na katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi. Jumbe wa kijiji, mkusanya kodi, alikuja kutukumbusha.

"Mwanao ameota ndevu," alimwambia mama baada ya kuamkiana.

"Si ndevu, jumbe. Ni masizi ya chungu."

"Askari wakija hawatafuti maji ya kumnawisha," alisema jumbe. Kisha akaniangalia, nami nikaangalia chini. "Wewe, unasemaje?"

Jumbe akacheka, akaenda zake.

Sasa nimtaje jirani yetu, bibi mmoja mzee aliyekaa nyumba ya pili, peke yake. Aliletwa kisiwani akiwa mtoto mdogo, zamani za utumwa, wala hakujua ametoka nchi gani huko bara. Alikumbuka mto tu, na mwanamke aliyesimama ng'ambo ya pili. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa mashoto, kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na kwa ajili hiyo kamba zake zilisokotwa kinyume cha kamba za watu wote, na fundo lake lilijulikana pwani nzima. Alikuwa na pumu. Alipoponda makumbi alipiga mapigo mawili, akapumua, akapiga mawili tena. Hata ukiwa mbali ulijua ni yeye.

Mimi aliniita mume wake, kama mabibi wanavyowafanyia wajukuu utani.

"Mume wangu huyu mbona hasemi?" alikuwa akimwuliza mama. "Ulimi ameuacha shule? Basi kesho akaurudie, mimi sitaki mume bubu."

Kabla ya masika alikuja kwa mama na shauri. Watu wengi walikuwa wakifanya hivyo siku zile: katika nyumba mbili ikabomolewa moja, watu wakahamia pamoja, kodi ikalipwa moja. Niliwasikia kutoka uani.

"Tuvunje nyumba yangu," alisema bibi, "nije kwako. Nina mkeka wangu na chungu changu. Rupia tatu tutazitafuta sisi watatu."

Mama akamjibu, "Bibi, nyumba ni ndogo."

"Mimi nalala kwenye kona. Hata paka ananizidi ukubwa."

"Ngoja nifikiri," mama alisema.

Baadaye aliniambia kweli yake. Aliogopa kwamba bibi ataugua, na kwamba mtu mgonjwa ni mdomo wa tatu usio na mikono. Sikumlaumu. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mimi pia, nikapata jibu lile lile.

Bibi hakuuliza mara ya pili. Alikufa wakati wa masika, mchana, mlangoni pake, na majirani tukamzika. Nyumba yake ikaangushwa na mvua. Shimo lake la makumbi likabaki pwani, ubavuni mwa letu, mwendo wa hatua nne hivi. Hapa kwetu shimo la marehemu halifunguliwi ila na mtu wa damu yake. Mwenye damu yake hatukumjua, na yeye mwenyewe hakuwahi kumjua. Kwa hiyo halikuguswa. Vijiti vyake vinne vilisimama juu ya tope, na kaa wakapanda juu yake.

Bamvua la baada ya masika tukaenda kufungua letu. Kulikuwa na wanawake wengine watano sita, kila mmoja kwenye shimo lake. Mama alishuka ndani, mimi nikasimama juu nikipokea. Makumbi yetu tulikuwa tumeyatia ovyo, hayakufungwa. Niliyapanga mchangani ishirini ishirini, nikihesabu kimoyomoyo. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Ilipofika mia nne nilimwambia mama, "Yamekwisha."

"Bado," alisema mama kutoka chini.

Akanipa mafungu. Makumbi matano kila fungu, yamefungwa kwa ukanda wa ukili. Niligeuza la kwanza nikaliona fundo, nami nikawa sitaki kulishika. Lilifungwa kwa mkono wa kushoto.

Mama naye alilitazama. Alishika jembe akakwangua ukuta wa shimo upande wa kwa bibi. Nadhani alitaka kuona mahali tope lilipobomoka. Halikubomoka popote. Lilikuwa gumu, jeusi, na mizizi ya mikoko imepita ndani yake bila kukatika. Alitoa mafungu kumi na manne. Makumbi sabini.

Nilikwenda kutazama shimo la bibi. Vijiti vilikuwa vimesimama sawasawa na tope juu yake halina hata unyayo, isipokuwa wa kaa.

Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyekuwa akiponda bado, wote walikuwa wakifukua. Ndipo tukasikia mapigo mawili. Kimya. Kisha mawili tena. Yalitoka upande ule ambako gogo la bibi lilikuwa zamani, lakini gogo lilikwisha chukuliwa kuwa kuni. Mwanamke mmoja alisema ni mwangwi wa kuta za Kua, ule mji wa magofu, sauti hupiga kule ikarudi. Mwenzake akamjibu, "Mwangwi wa nini? Nani amepiga?" Walifunika mashimo yao, wakajitwika walichokwisha kutoa, wakaenda, ingawa maji yalikuwa bado hayajaanza kujaa.

Siku mbili yale mafungu yalikaa uani na mama hakuyagusa. Tuliponda yetu. Nilijua anachofikiri, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kukipigia hesabu. Makumbi sabini ni kamba kumi na nne. Msimamizi hakuyahesabu, kwa hiyo hayakuwa na nusu ya mtu. Kumi na nne kwa hela nne ni hamsini na sita. Tulikuwa tumepungukiwa arobaini.

Siku ya tatu alisema, "Mwanangu, haya si yetu."

"Najua."

"Nikiyaacha, wewe unakwenda."

"Najua, mama."

"Alitaka kuja kukaa hapa, nikamwambia nyumba ni ndogo." Alifungua fundo la kwanza kwa meno, kwa kuwa vidole vyake havikuweza kulifungua. "Basi ameyatanguliza mwenyewe. Mtu akitoa fungu lake la kodi, huwezi kumwambia nyumba ni ndogo."

Akaponda. Mimi nikasokota, na kila nilipomaliza kamba niliona imekwenda kinyume. Nilifungua nikasokota upya, ikakataa, ikarudi vile vile. Mwishowe niliziacha. Mhindi alizishika, akazigeuza, akasema, "Kamba za yule bibi. Amepona?" Mama alimjibu kwamba hajambo. Akatulipa hela nne nne kama kamba nyingine.

Tulilipa kodi. Jumbe alihesabu rupia tatu mara mbili, akamtania mama kwamba amefukua hazina ya watu wa Kua. Askari walipokuja walichukua vijana wawili wa nyumba za jirani. Mimi walinipita.

Zilibaki hela kumi na sita. Mama alinunua pishi moja ya mchele, jambo tulilofanya sikukuu tu. Pishi ni vibaba vinne. Kibaba kimoja kilitutosha sisi wawili siku nzima, mchana mihogo na jioni wali, kwa hiyo pishi ilikuwa ya siku nne. Siku ya tatu, mama alipokwisha kupika wali wa jioni, mtungi wa mchele ulikuwa mtupu.

Nilidhani panya. Nilipopata pishi nyingine kwa kubeba mizigo Chole niliutundika mtungi darini, nikapima kibaba mwenyewe kila jioni na kukisugua juu kwa kidole. Nilimtazama mama akipika na kupakua. Hakuongeza kitu, hakumpa mtu. Tulikula wawili sahani moja. Na wali ulikwisha kabla hatujashiba, kana kwamba mkono wa tatu ulikuwa sahanini, na mtungi ukaisha siku ya tatu vile vile. Mafuta ya taa yakawa hivyo. Chumvi ikawa hivyo. Niligawa kila kitu kwa tatu, hesabu ikaja sawasawa. Nikigawa kwa mbili haiji.

Jioni moja niliona kwamba mama anapoketi kula husogea kidogo upande, akaacha nafasi ya mtu mmoja baina yake na ukuta. Nilimwuliza kwa nini.

"Pale pana upepo," alisema, ingawa ukuta haukuwa na dirisha.

Kwa hiyo hesabu yetu imebadilika. Kamba arobaini na mikeka ya mama ni riziki ya watu wawili kwa shida. Ya watatu haifiki. Kodi nyingine inakaribia, na shimo letu safari hii tumelifungua, tumekuta makumbi mia nne tu, bila fungu hata moja. Alichokuwa nacho amekwisha kukitoa. Nimeweka alama ya kidole kwenye karatasi ya mkataba wa shamba la Mzungu huko bara, ingawa kuandika jina langu naweza, karani hakuuliza. Nitakwenda miezi sita, rupia nane kwa mwezi, posho juu yao. Makumbi ya bibi yalinizuia nisichukuliwe, na sasa nakwenda mwenyewe ili tuweze kumlisha.

Nilimwambia mama kwamba naogopa kumwacha peke yake. Alikuwa akisuka mkeka, hakuinua uso.

"Sitakuwa peke yangu," alisema. Na mkeka ule, niliuona, ulikuwa mpana kuliko wa mtu mmoja.

Nasikia gazeti hili hufika mbali bara, hata kwenye mito mikubwa. Kama yuko msomaji ambaye kwao huzungumzwa habari ya mtoto wa kike aliyechukuliwa mtoni zamani sana, aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto, na mama yake akasimama ng'ambo akitazama, namwomba aniandikie, barua ifike Chole. Kama ni wa damu yake, aje mwenyewe afungue shimo lake, achukue kilichomo, kama kimo, na amwite kwa jina alilopewa kwao, kwa maana sisi hatulijui. Mkiandika, andikeni herufi kubwa. Nikiwa sipo, mama atatafuta mtu wa kumsomea, na atataka kuisikia zaidi ya mara moja.