Mwamuzi wa Sataranji

Asubuhi ya mwisho kabla mwamuzi hajahamishwa kurudi bara, alimkuta Bwana Gharib mlangoni mwa ukumbi wa mashindano, pale Amu, mjini Lamu, akamuuliza kama kawaida yake: "Umekunywa chai, Bwana?" Tangu Gharib azike mkewe, hakuna mwingine aliyemuuliza hilo. Mwamuzi huyu, mwalimu wa bara, ana sauti ya chini, kama ya mama aliyelaza mtoto. Hupita kati ya meza mikono i nyuma, asije akagusa kete ya mtu, na akitaka kuonyesha kitu huonyesha kwa kidevu. Siku hiyo, mchezo ukiendelea, tasbihi ya marehemu mkewe, aliyoizungusha Gharib mkononi, ilinasa taji la malkia ikamwangusha. Ronald, askari aliyecheza naye, akaruka: "Umegusa, mzee! Lazima umchezeshe!" Malkia akitoka pale, mchezo umekwisha. Mwamuzi akainama, akainasua tasbihi taratibu, akamrudishia kiganjani, kisha akamsimamisha malkia mahali pake. "Sheria hushika mkono wenye nia, Ronald. Huu ulikuwa kwenye dhikri. Bwana Gharib, zamu bado ni yako."