Kohoa, Mtani

Mimi nauza asali, nina duka mtaa wa Kanyenye, na wanaonunua kwangu wanajua kwamba bei ya kwanza ninayotaja ni salamu tu. Bei yenyewe huja baadaye, tukishaulizana habari za nyumbani. Jioni nahesabu madumu, kisha nayahesabu tena. Si kwamba siwaamini watu. Siwaamini kabla sijahesabu.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba mfuko wangu wa nyongo umejaa mawe na itabidi utolewe, nilimuuliza kama hawawezi kutoa mawe wakaniachia mfuko. Akasema hapana. Nikamuuliza kama mawe madogo hayawezi kubaki, kwa kuwa hayanisumbui sana. Akachukua kalamu akaandika siku ya upasuaji.

Kabla ya siku hiyo nesi mmoja alikuja kitandani kunifundisha kupumua. Nikajisemea, jamani, kazi hii nimeifanya tangu nizaliwe, wala sijawahi kuhitaji mwalimu. Akanieleza polepole. Dawa ya usingizi huyaacha mapafu yakiwa mavivu. Kidonda kitakuwa juu ya tumbo, chini ya mbavu, na kila nikivuta hewa kitauma. Mtu akiumwa hivyo huanza kuvuta pumzi fupi fupi, za juu juu. Sehemu ya chini ya mapafu haipati hewa, makohozi yanatulia humo, na pafu linaanza kusinyaa. Dawa yake ni kukaa badala ya kulala chali, kuvuta pumzi ndefu hadi chini kabisa, kuishikilia kidogo na kuiachia, kumi kila saa nikiwa macho. Na nikohoe, nimekumbatia mto kwenye kidonda.

"Kumi ni nyingi," nikamwambia. "Nitakupa tano."

"Mama, hapa hatuuzi nyanya."

"Haya, saba, tusisumbuane."

Akacheka. Sokoni mtu akicheka hivyo biashara imekwisha, kwa hiyo nikahesabu kwamba tumekubaliana saba.

Upasuaji wenyewe siukumbuki, na nashukuru. Ninachokumbuka ni kuamka na kumkuta mama yangu mdogo ameketi pembeni ya kitanda, ametoka Nzega na termosi ya uji na khanga mbili mpya. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na akija kuuguza haji kutazama. Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa tumbo ili mwili urudi mahali pake. Mama mdogo alipiga hesabu yake: kama tumbo lililozaa hufungwa, lililopasuliwa na kushonwa ndilo la kufungwa zaidi.

"Uzi ni uzi," alisema, akinizungushia khanga chini ya shuka nesi alipotoka. "Hata gunia la mpunga likishashonwa hupigwa kamba."

Akaivuta mpaka nikasikia mbavu zinasogeleana. Sitasema uongo, nilijisikia vizuri. Maumivu yalishikwa pamoja na tumbo. Akanilaza chali, akanikataza kugeuka, na juu ya yote akanikataza kukohoa.

"Ukikohoa utafumuka, mwanangu. Ukiwashwa kooni, meza mate."

Wageni walikuja kutoka mtaani kwetu Gongoni, majirani na wateja, wakasimama kando ya kitanda wakaafiki wote: asiguswe, alale, apumzike. Nesi akipita na kuuliza, "Mama, umevuta pumzi zako?" nilimjibu nimevuta. Nilikuwa namchanganyia kama wale wanaochanganya asali na sukari guru. Nje dumu limejaa, ndani sivyo. Dawa ya maumivu nayo, nilipoletewa mara ya pili, niliikataa, nikaona afadhali nivumilie. Sikujua kwamba ile dawa ilikuwa ya kunisaidia nipumue bila kuogopa kidonda.

Haikuchukua muda. Nilianza kuhema kama niliyepanda ngazi, na hali nimelala. Moyo ulikwenda mbio, joto likapanda. Nesi akanibana kidole kwa kile kidude kinachosoma hewa kwenye damu. Ile namba niliiangalia mara mbili, na uso wake mara moja. Uso ulinitosha. Nikawekewa oksijeni puani, nikasukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupigwa picha ya kifua.

Daktari alirudi na picha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kifua changu kilikuwa pale, cheusi kila upande, isipokuwa chini kulia palikuwa na weupe.

"Hapa pafu limesinyaa," akasema. "Kohozi limeziba njia. Hewa iliyokuwa ndani imenyonywa na damu, nyingine haipiti. Sehemu hiyo imejikunja, imelala."

Nikamuuliza kama limetoboka, maana nilimjua kijana wa bodaboda aliyepata ajali akawekewa mrija ubavuni.

"La huyo hewa ilivujia nje ya pafu. Lako halina tundu. Lako halikupewa kazi tu." Kisha akaweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani kwangu, mkono ukateremka, ukagonga kitu kigumu. Akainua shuka. "Hii nani kaifunga?"

Mama mdogo akatazama dirishani, kana kwamba khanga imekuja yenyewe kwa miguu.

Daktari alikuwa na umri wa mjukuu wake. Akamgeukia, akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Umefunga vizuri sana. Mimi nisingeweza hivi. Lakini mtu akivuta pumzi, tumbo hupanda ili mapafu yapate nafasi. Huyu hana pa kupandisha."

Halafu akaniambia mimi, bila kuzunguka: wataondoa khanga, nitachomwa dawa ya maumivu niache ujasiri, nitakaa, nitafanya mazoezi na mtaalamu wa viungo na kifua. Kesho watapiga picha nyingine. Pafu likigoma, nitapelekwa Mwanza, wakaniingize mrija wenye taa hadi ndani ya njia za hewa walivute hilo kohozi. Na likikaa humo muda mrefu, linaweza kuleta homa ya mapafu.

Nikaifikiria safari ya Mwanza: gari la wagonjwa, matuta ya barabarani, tumbo lililoshonwa juzi, na pumzi ya kuazima kwenye mtungi. Kwa mara ya kwanza tangu niingie hospitali sikuwa na bei ya kutaja.

Mama mdogo alifungua khanga mwenyewe. "Mayo wane," akanong'ona, yaani mama yangu kwa lugha ya nyumbani, kama alivyoniita nikiwa mdogo mwenye homa. "Mimi nilitaka kukushika tu."

Nilijua. Nikamshika mkono, maana maneno hayakuwa na hewa ya kuyabeba.

Mtaalamu wa mazoezi alikuja na chupa ya plastiki yenye maji nusu na mpira mwembamba. Mwanamume mfupi, mchangamfu, lafudhi ya pwani. Kabla hajaketi aliuliza, "Huyu ni mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi," mama mdogo akajibu.

"Alaa! Kumbe ni mtumwa wangu huyu! Mimi Mzaramo."

Asiyejua angedhani pameanza ugomvi. Sisi na wao ni watani tangu zama za misafara. Wazee wetu walipobeba mizigo kutoka hapa kwenda Bagamoyo walipita kwao, wakala kwao, wakatukanana njiani, na aliyefia njiani akazikwa na hao hao. Njia ile imebaki miembe na vumbi, lakini utani haukufa. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kuku wako akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndiye usiye na adabu.

Akaniketisha, miguu ikining'inia. Akachukua ile khanga iliyonifunga, akaikunja pamoja na mto, akanipa niukumbatie kwenye kidonda. "Khanga haina kosa," akamwambia mama mdogo, "ilipewa kazi isiyo yake." Akanipa mpira nipulize kwenye maji ya chupa, polepole, mapovu yatoke kwa muda mrefu. Maji yanarudisha upinzani kidogo, akasema, na ule upinzani ndio unaozifungua njia zilizojikunja. Kisha akanilaza ubavu wa kushoto, upande mbovu ukawa juu, akanigongagonga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama kikombe.

Hapo ndipo nilipoelewa, kuliko kwenye picha na maelezo yote. Msimu wa baridi asali huganda ikagoma kutoka kwenye mdomo wa dumu. Hulilazimishi. Unalipasha moto kidogo, unaliinamisha, unalipigapiga mgongoni, unaacha hewa iingie nyuma ya asali ili iisukume. Hicho ndicho nilichokuwa nafanyiwa. Mimi ndiye dumu.

"Haya, sasa pumzi ndefu kumi, halafu kohoa."

"Tano," nikasema. Mazoea.

Akanitazama. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi baharini, we mama unashindwa kubeba pumzi?"

"Na babu zako... walikuwa wanawasubiri... wawaibie."

"Afadhali wangeiba na wewe, tusingepata taabu hii leo." Akasimama, akaigeukia wodi, akaweka mikono kichwani akaanza kulia kwa sauti, kama watani wanavyolia msibani. "Jamani ee! Mtani wangu kafa! Kafa kwa ubahili! Pumzi za bure kazikataa!"

Wagonjwa wakainua vichwa. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, alikuwa ameshaanza kucheka. Yule bwana akajilaza kwenye kitanda kitupu kilichokuwa jirani yangu, chali, mikono kifuani, akajigeuza mimi. Akafumbua jicho moja, akashika ukingo wa shuka kwa vidole viwili, akauliza kwa sauti yangu hasa, ile ya dukani, "Hii sanda bei gani? Hee! Imetiwa dhahabu? Punguza! Kwanza nakata ya kufika magotini, miguuni nani ataona?"

Nilijaribu kujizuia. Nililikumbatia lile furushi la mto na khanga kwa nguvu zote, maana kidonda kilikuwa kinanikumbusha kipo. Lakini kicheko kilitoka, nacho kilitoka chini kabisa, mahali ambapo pumzi yangu haikuwa imefika tangu nishonwe. Kicheko kikageuka kikohozi. Nikakohoa, nikakohoa tena, nikahisi kitu kizito kinasogea ndani ya kifua, kinapanda, kinakwama, kinapanda. Mtani alikuwa ameshainuka, mkono mmoja mgongoni kwangu na mwingine umeshika bakuli.

"Kohoa, mtani. Usimeze. Leta."

Likatoka. Zito, la njano iliyokolea, linavutika. Sitalieleza zaidi, nina wateja. Nikavuta pumzi, na ile pumzi ikaenda. Haikufika chini kabisa, lakini ilipita pale ilipokuwa inagonga ukuta.

"Umefumuka?" akaniuliza.

Nikajipapasa. "Sijafumuka."

"Bibi, umesikia? Hajafumuka."

Mama mdogo akalikaribia lile bakuli, akalitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe. Halafu akavuta kiti karibu na kitanda changu, na tangu dakika ile nikapata msimamizi ambaye simtakii hata adui yangu.

"Hiyo ya tisa," alikuwa anasema. "Ilikuwa fupi. Rudia."

"Mama mdogo, nimeshavuta kumi."

"Nimehesabu mara mbili."

Sijui nani alimfundisha tabia hiyo. Aliniletea uji wa moto na maji kila mara ili makohozi yalegee. Aliniinua kunikalisha kwenye kiti, akanitembeza mpaka mlangoni, kisha mpaka barazani, tumeshikana viuno kama maharusi wazee. Nikikohoa yeye ndiye aliyenibania furushi tumboni kwa viganja vyake viwili. Aliyenikataza kukohoa sasa akawa ananidai. Wageni wa Gongoni waliporudi kusema alale, aliwatoa nje. Chupa ya mapovu niliipuliza hadi watoto waliokuja kuwaona mama zao wakaomba zamu.

Kesho yake nilipigwa picha ya pili. Daktari aliiinua dirishani. Nilitafuta weupe chini kulia. Nikatafuta tena. Ulikuwa umebaki ukungu mdogo pembeni.

"Limefunguka," akasema. "Lililobaki utalimaliza wewe kwa mazoezi. Mwanza hatuendi."

Mama mdogo akapiga goti moja sakafuni, akashukuru Mungu, kisha akamshukuru daktari, kisha nesi, kisha, kwa kuwa yumo kwenye msafara wa shukrani na hawezi kusimama, akaishukuru chupa.

Nesi yule wa kwanza alipokuja kunitoa oksijeni puani, nilimwambia nilikuwa nampunja. "Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa narudi kuuliza." Nikamwambia nitamlipa zile tatu tulizopunguziana. Nami nilimlipa hapo hapo, ndefu, hadi chini, yeye akiwa amesimama ananisikiliza.

Sasa nimerudi dukani. Kovu limekauka, lawasha mvua ikikaribia. Nafanya biashara kama zamani, na asiyejua kuomba punguzo simhurumii. Mteja mmoja tu ndiye siwezi kubishana naye. Hupita siku za soko, hanisalimii vizuri, hulitazama duka kama mali ya babu yake, akachagua dumu la asali ya miombo, ile nzuri ninayoificha nyuma, akalitia kwenye begi lake. Wateja hunitazama nipige kelele za mwizi. Nampisha apite. Ni mtani, anachukua haki yake, na mimi kila dumu analochukua naona ni bei ndogo mno kwa pumzi aliyonirudishia.

Mara ya mwisho alifika mlangoni na dumu lake, akageuka.

"Kohoa."

"Mbele za watu?"

"Nimesema kohoa, Mnyamwezi."

Nikaweka mkono juu ya kovu, nikavuta pumzi mpaka chini, nikakohoa. Ilikuwa kavu, safi, haina kitu. Akatega sikio, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake na asali yangu.